Ndege Wawili Mgongoni mwa Ng'ombe wa Baba

Fomu ile niliijaza asubuhi moja kwa kalamu ya wino, bila kufuta hata neno. Ilitoka mkoani, ikafika ofisi ya mifugo ya wilaya pale Tarime, na wenzangu wakawa wanasukumiana nayo mezani wiki nzima. Ilitaka tuwaeleze ndege wanaofuata ng'ombe: ni wa aina gani, wanapatikana wapi, na kama ni wengi, ni wachache, au wanapotea. Watu wa wanyamapori ndio walioiomba. Majosho yalikuwa yakijengwa katika kila kijiji kipya cha ujamaa, nao walitaka kujua dawa itawakuta ndege gani. Wenzangu walisema hawakusomea ndege. Mimi nikasema ileteni.

Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika upande wetu wote wa Nyanungu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika stashahada ya mifugo, na hakuna aliyenishika mkono. Niliondoka nyumbani kijana mtupu, nikavuka mpaka kwenda kufanya kazi katika shamba la maziwa upande wa Kenya. Niliosha ndoo, nikakoroga dawa ya josho, nikajisomea vitabu vilivyoliwa na mchwa ambavyo mwenye shamba alikuwa amevitupa stoo. Nikafanya mtihani peke yangu, bila shule wala mwalimu, nikafaulu. Chuo kikanipokea, na kutoka chuoni nikachaguliwa kwenda kusoma zaidi ng'ambo, katika nchi ambayo ng'ombe hufungiwa ndani miezi mitano kwa sababu ya theluji. Nilirudi na cheti chenye muhuri mwekundu, jozi tatu za viatu vya ngozi, na kichwa kilichojaa. Watu waliniita Bwana Mifugo kabla sijaripoti kazini. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na asiyeyajua hataelewa jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kuandika upuuzi kwa mwandiko mzuri.

Ndege waliokuwa wakiulizwa hasa ni shashi. Kila aliyechunga ng'ombe anawajua: wadogo, rangi ya udongo, kucha kama sindano, wanaotambaa ubavuni mwa ng'ombe kama mjusi ukutani wakidonoa kupe. Wengine huwaita askari wa kifaru, kwa sababu humpigia kifaru kelele mtu akikaribia. Niliandika hivi: "Aina: moja. Dume ana mdomo mnene wa njano wenye ncha nyekundu. Jike ana mdomo mwembamba mwekundu wote. Mahali: Tarime na Serengeti kote. Hali: wengi." Nikatia saini, na chini ya saini nikaandika stashahada yangu kwa kirefu.

Kosa hilo asingeweza kulifanya mtu wa mahali pengine. Sehemu nyingi za nchi mtu huona ndege mmoja tu kati ya hao wawili, kwa hiyo hana cha kuchanganya. Sisi wa Nyanungu, tuliopakana na nyati wa hifadhini, tuliwaona wote wawili tangu utotoni, kwenye mgongo mmoja wa ng'ombe mmoja, kama watu wa nyumba moja. Wa njano alipomfukuza mwekundu kwenye nundu, sisi wachungaji tulicheka tukasema mume kamfukuza mkewe. Utani huo niliukuta kwa kaka zangu, nao waliukuta kwa wengine. Nilikwenda nao Kenya, nikaenda nao chuoni, nikavuka nao bahari, na hakuna mahali ambapo mtu aliniuliza nimeupata wapi. Niliporudi nikauandika kwenye fomu ya serikali.

Siku niliyorudi nyumbani kutoka ng'ambo, nilikuta mji wetu haupo. Hakuna aliyekuwa ameniandikia. Niliteremka kutoka juu ya mzigo wa lori, nikatembea na sanduku langu kwa njia ninayoijua hata nikifumba macho, na nilipotokeza kwenye kile kilima kidogo niliona nyasi, mawe matatu ya jiko la mama, na mlango mmoja umeegeshwa kwenye mti. Nilisimama pale nikidhani wamekufa wote. Mpita njia alinionyesha kwa kidole upande wa barabara: walikuwa wamehamishiwa kijijini, nyumba kwa nyumba, kwenye mstari ulionyooka, kila mlango na namba yake. Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba yenye namba, akitazama mlango wa jirani uliokuwa hatua kumi tu kutoka kwake, kama mtu aliyealikwa mahali na hajui aondoke saa ngapi. Nikampa shikamoo. Akanipokea sanduku na kuniambia nimenenepa.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye mahame yetu. Zizi la mawe la babu lilikuwa bado limesimama, na ng'ombe wa baba waliendelea kulala humo kwa sababu kijijini hapakuwa na nafasi ya kundi kubwa kama lile. Mwenyekiti wa kijiji alijifanya haoni. Kila alfajiri baba alitembea kutoka kwenye mstari wa nyumba hadi mahameni, na huko, kusema kweli, ndiko alikokuwa akiishi.

Josho la kijiji lilipokaribia kukamilika nilipangiwa mimi kulisimamia. Sikuona ajabu, nani mwingine? Amri ilikuwa fupi: kila mwenye ng'ombe awalete kuogeshwa, bila kubagua. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa ikiua ndama kila mwaka, na dawa ilikuwa na uwezo wa kuizuia. Hilo nililiamini wakati ule na naliamini mpaka leo. Lakini kijiji kizima kilikuwa kikimtazama baba. Kundi lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na wazee wa rika lake walikuwa wamesema wazi kwamba akiingiza wake, wataingiza wao. Asipoingiza, josho libaki la vyura.

Baba akakataa. Alikataa mbele ya watu, siku tuliyokutana pale ujenzini, saruji ikiwa bado mbichi. Alisema ndugu yake aliye ng'ambo ya mpaka alimweleza kwamba majosho yalipoanza kwao, ndege wa ng'ombe walianguka. Wanakula kupe aliyekunywa dawa, na dawa inawaua wao.

"Wale wekundu sina wasiwasi nao," alisema. "Wakifa hapa, watakuja wengine kutoka Kenyamonta, kutoka Ikoma, kutoka popote. Hawa wa njano wanatoka kwenye nyati pale hifadhini, ng'ambo ya mto, na hata huko si wengi. Wakiisha hawa, nani atawaleta?"

Nilicheka. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa josho na viatu vyangu vya ngozi, karatasi mkononi, na watu wote walikuwa chini yangu.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, "hao si ndege wawili. Ni mtu na mkewe."

Watu wakacheka, mwenyekiti kuliko wote. Baba akangoja wamalize.

"Uliwafungisha ndoa wewe?"

Safari hii walicheka kwa nguvu zaidi, na walikuwa wakinicheka mimi. Nikapandwa na hasira. Nilitoa hotuba nzima kuhusu jogoo na tetea, kuhusu bata, kuhusu dume kupewa rangi na jike kupewa kazi. Nikasema kwamba ndege hao, wake kwa waume, ni wengi wilaya zote mbili, Tarime na Serengeti, na nimeandika hivyo kwenye karatasi ya serikali, na hakuna dawa itakayowamaliza.

"Najua umesoma, mura," baba akasema. Kwetu neno hilo ndilo mzee humwitia kijana wa kiume, na baba hakuacha kuniita hivyo hata nilipofuga ndevu. "Nauliza kama uliwaona."

"Nimewaona maisha yangu yote."

"Mgongoni. Nauliza kama uliwaona nyumbani kwao."

Akanipa sharti mbele ya wote. Tungekwenda pamoja mahameni kukaa chini ya mti wenye tundu lao. Nikimwona wa njano na mwekundu wakiingia tundu moja, ataleta ng'ombe wake wa kwanza kabisa siku ya ufunguzi na atawaswaga mwenyewe. Nisipowaona, nitawaandikia wakubwa wangu waliache zizi la mahameni nje ya josho, angalau mpaka wajue dawa inawafanya nini ndege wa njano. Mwenyekiti akaniuliza kama nakubali. Nikakubali upesi, kama mtu anayeokota kitu chake mwenyewe barabarani.

Tulikwenda kesho yake, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya ufunguzi. Jua lilikuwa utosini. Mti ulikuwa hatua chache kutoka zizini, mkavu upande mmoja, na tundu lilikuwa juu kidogo ya kimo cha mtu aliyepanda mabegani mwa mwenzake. Mdomoni mwa tundu palining'inia nywele nyeupe, nikazitambua: zilikuwa za mkia wa dume la baba. Ndege walikuwa wameziiba kutandikia vifaranga.

Akaja wa njano. Akatua, akaingia. Ndani tukasikia sauti kama ya mafuta yanayokaangika. Vifaranga walikuwa wakiomba. Akatoka. Nikamwambia baba, huyo ndiye baba mtu, sasa tumngoje mama. Akaja mwingine, naye wa njano. Akaingia na kupe mdomoni, akatoka bila kupe. Nikasema labda ni yule yule. Kisha wakaja wawili kwa pamoja, na baada ya muda watatu, wakakaa kwenye tawi wakipokezana, na mdomo wa kila mmoja ulikuwa mnene, wa njano, wenye ncha nyekundu.

"Madume wanagombea tundu," nikasema.

"Wanagombea huku wanalisha?"

Akaniinua, akanipeleka upande wa pili wa zizi. Kwenye ukuta wa mawe, mahali jiwe moja lilipokuwa limeng'oka, palikuwa na tundu jingine. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni. Waliingia na kutoka wawili, wote wenye midomo myekundu, myembamba, na duara la njano kuzunguka jicho. Wa njano hawakuwa na duara lile. Nililiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, mimi niliyezaliwa katikati yao. Na waliporuka niliona jambo jingine: wa njano wana kiuno cheupe-cheupe kinachoonekana mbali, na wekundu mgongo wao ni rangi moja mpaka mkiani. Mambo haya yalikuwa wazi kama namba kwenye mlango. Baba alinionyesha moja baada ya jingine bila kunicheka, na hilo lilinichoma kuliko kuchekwa. Aliniambia wa njano hudonoa kwa nguvu na wekundu huchana manyoya kama mkasi. Kwamba mwekundu hutua hata kwa swala, lakini wa njano anataka mgongo mpana, nyati, kifaru au ng'ombe.

Halafu akaniuliza swali ambalo lilinimaliza.

"Si ulifika na baiskeli mpaka Kenyamonta?"

"Nilifika."

"Uliona wa njano huko?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimezunguka Kenyamonta siku mbili kabla ya kuijaza fomu ile, zizi kwa zizi. "Sikuona hata mmoja."

"Basi wake wa huko wanazaa na nani?"

Kukosea hakukunishtua, watu hukosea. Kilichonishtua ni kwamba jibu nilikuwa nalo mfukoni muda wote. Niliona kwa macho yangu kijiji kizima chenye midomo myekundu mitupu, kina vifaranga, kina matundu, na mkono wangu ukaandika "kote". Nilikwenda mpaka nchi ya theluji kujifunza kutazama, na mzee asiyejua kusoma alitazama kuliko mimi akiwa amekaa palepale.

"Utaandika?" baba akaniuliza.

"Nitaandika."

Nilirudi kwenye chumba changu pale kijijini, nikatoa karatasi. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari mitano. Nilihitaji kusema kwamba shashi wetu ni aina mbili, kwamba wekundu wameenea na wa njano wako ukingoni tu mwa hifadhi, na kwamba naomba zizi moja liachwe. Nikaandika tarehe na anwani. Nikaikumbuka saini yangu, na stashahada niliyoiandika kwa kirefu chini yake. Nikawaona akilini wenzangu wakiisoma kwa sauti pale mezani, wale waliosema hawakusomea ndege. Viongozi wa wilaya walikuwa wamealikwa kwenye ufunguzi na mbuzi walikuwa wameshatengwa. Nikaifunika kalamu. Nilijiambia nitaandika kesho, na kesho nikajiambia hivyo tena.

Siku mbili kabla ya ufunguzi baba alikuja kuniuliza. Nikamwambia wamekataa. Neno lilitoka laini kabisa, halikunikwaruza popote.

"Walisoma ulichoandika?"

"Walisoma."

Kisha akaomba nimpatie wiki mbili tu, vifaranga wa mtini waweze kuruka. Nikamjibu kwamba amri haina wiki mbili. Akainuka, akasema kama wenye nchi wamesoma na wamekataa, yeye hawezi kushindana nao. Siku ya ufunguzi alikuwa wa kwanza, kama vile yeye ndiye aliyeshindwa sharti, na aliwaswaga mwenyewe.

Sitasema uongo, ilikuwa siku yangu. Dawa niliipima kama kitabu kinavyosema, si zaidi wala pungufu. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyelamba akaanguka, na katika wilaya jirani walianguka. Ng'ombe wa baba walitumbukia mmoja baada ya mwingine, wakazama mpaka masikio, wakapanda ngazi za upande wa pili wakichuruzika. Wazee wa rika lake wakafuata. Kufikia mchana kupe walikuwa wakidondoka kama mtama uliopurwa, na kiongozi mmoja akasema hadharani kwamba nchi inahitaji vijana mia kama mimi. Nilimtafuta baba kwa macho ili anione nikisifiwa. Alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wake.

Siku ya nne asubuhi nilipanda baiskeli kwenda mahameni. Nilijiambia nakwenda kukagua ngozi za ng'ombe. Baba alikuwa amesimama katikati ya zizi, na ng'ombe walikuwa bado ndani ingawa jua lilishatoka. Hakutaka wawakanyage.

Ndege walikuwa chini. Mmoja juu ya mavi makavu, mabawa yamefunguka. Wawili chini ya ukuta, wamelaliana. Mmoja alikuwa bado ameng'ang'ania mgongo wa ndama kwa kucha zake, amekufa, na kila ndama alipotingisha ngozi alining'inia bila kuanguka. Kupe walegevu waliojaa dawa walikuwa chakula rahisi kuliko vyote walivyowahi kupata, na ndege walikula mpaka wakashiba.

Nimewahi kuona ng'ombe mia wakifa kwa sotoka nikaandika taarifa siku hiyo hiyo. Pale nilishindwa hata kuinama.

"Hesabu," baba akasema. "Wewe ndiye unayejua kuhesabu."

Nikahesabu. Wa njano walikuwa kumi na mmoja. Wekundu wanne. Nilipomaliza nikatambua kwamba nilikuwa nikisikiliza kitu, nacho hakikuwepo: ile sauti ya kukaanga kutoka mtini. Baba alinifuata kwa macho nilipotazama tundu. Nywele nyeupe bado zilikuwa zikining'inia.

"Waliita jana mpaka saa za kukamua," alisema. "Halafu wakanyamaza."

Akasogea karibu nami. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Hao wakubwa wako, walikataa kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa mlango, nadhani kwa makusudi, kwa sababu hakuna baba anayependa kusikia jibu lile.

"Sikuwaandikia, tata."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Akaenda akafungua zizi, akawatoa ng'ombe akiwapitisha pembeni, mmoja mmoja, mkono wake ukiwa juu ya kila mgongo uliopita.

Niliwafunga ndege wawili kwenye gazeti, wa njano mmoja na mwekundu mmoja, nikaendesha baiskeli mpaka nilipopata lori, nikafika Tarime mjini alasiri. Mkuu wangu alikuwa ameshatoka ofisini. Nikamfuata kwake, mtaani Nkende, nikamkuta anakunywa chai uani. Nikafungua gazeti juu ya meza yake. Alitazama mmoja, akamtazama mwenzake, akaweka kikombe chini.

"Hawa si dume na jike," alisema.

"Hapana."

"Fomu yako ilishakwenda mkoani, Musoma. Niliipitisha bila kuisoma mara mbili, kwa sababu ni wewe."

Sijapata kusikia sifa iliyoniumiza kama hiyo. Nikamwomba fomu mpya. Aliniambia nifikirie vizuri, kwamba kukiri kosa kwa maandishi hakutalifunga josho, na faili langu litabaki na doa. Nikamjibu kwamba najua. Nikaijaza palepale uani, na safari hii nilifuta sana. Aina: mbili, ndugu, wote wakiwekwa katika ukoo wa ndege aina ya kwezi, lakini kila moja na tundu lake. Mahali: mdomo mwekundu, Tarime na Serengeti kote, mdomo wa njano, Nyanungu, upande wa mto na hifadhi. Hali: wekundu, wengi. Nilipofika kwa wa njano kalamu ilisimama, kwa kuwa nafasi ilikuwa na majibu matatu tu na hakuna lililosema "niliwaua wiki hii". Nikaandika: wanapotea.

Fomu ilikwenda. Josho halikufungwa, na nisingependa lifungwe, kwa maana mwaka ule ndama wengi walipona. Dawa ile ya aseniki iliachwa miaka kadhaa baadaye, ikaja nyingine, na nyingine tena. Nami nimeendelea kusoma, sikuacha. Naweza kukueleza leo kwamba wataalamu wamewatoa shashi kwenye ukoo wa kwezi na kuwapa ukoo wao peke yao, wenye aina mbili tu dunia nzima, hao hao wa zizini kwetu. Mwekundu anaanzia pembe ya Afrika akishuka mashariki hadi kusini. Wa njano anaanzia Senegali akivuka bara hadi kwetu, kisha anashuka kusini vipande vipande, hapa yupo na pale hayupo. Kwenye orodha ya dunia ya viumbe wanaotoweka hakuna hata mmoja anayehesabiwa kuwa hatarini, ingawa wote wanapungua. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Nyanungu haimo.

Wekundu walirudi mahameni kabla ya mvua, kama baba alivyosema. Wa njano hawakurudi. Kwa nyati ng'ambo ya mto walikuwepo bado, niliwaona kwa darubini, lakini hawakuwafuata tena ng'ombe wetu. Mbegu ile iliyokuwa imezoea mgongo wa ng'ombe ilikuwa imekwisha.

Baada ya hapo baba hakukosa siku hata moja ya josho. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni kila juma, kabla mwenyekiti hajafika, na mbele ya watu alinipokea salamu na kuniita Bwana Mifugo kama walivyoniita wengine. Wenzake walidhani amenikubali. Siku moja, watu wakiwa wameondoka, nilimwambia kwamba anaweza kukaa nyumbani siku za josho, kwamba nimepata kibali, zizi lake linaweza kuachwa.

"Liachwe kwa ajili ya nani?" aliniuliza. "Mbali na dawa yako, nimebaki na nani mwingine wa kunitolea kupe?"

Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa josho, ng'ombe wakikauka. Akamshika ndama mmoja shingoni, akamlaza kichwa kwenye goti lake, akakunjua sikio. Ndani kabisa, mahali dawa haikufika, kupe walikuwa wamepangana kama punje za kunde. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la kazi. Nikalivua, nikapiga magoti kwenye tope upande wa pili wa ndama, nikaanza na wale waliokuwa karibu na ukingo.

"Ingiza kidole ndani, mura," akasema. "Wa njano walikuwa wakianzia huko."